Mjomba Vyuma Anajibu: Dedilifti Ilale Siku Gani?

Safari hii barua ni nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja. Hakuna aliyeuliza namna ya kunenepesha mikono, jambo lililonishtua kidogo, maana kwa kawaida nusu ya barua za safu hii ni za mikono na nusu iliyobaki ni za wivu juu ya mikono ya mtu mwingine. Mara hii ugomvi ni wa kalenda: dedilifti ipigwe siku gani. Maswahiba wamenuniana, ndoa zimetikisika, na kuna mmoja anadai ameandika akiwa amelala sakafuni. Nimewajibu waliojieleza vizuri. Waliotuma picha za migongo yao bila shati nawaomba wasirudie. Binti anayenifungulia barua ni mjukuu wa shehe.

*

Mjomba, shikamoo. Mimi na swahiba wangu tunapiga tizi jimu moja hapa Tabata. Ratiba yetu: kifua Jumatatu, mgongo Jumanne, miguu Jumatano, mabega Alhamisi, mikono Ijumaa. Mimi nasema dedilifti ni zoezi la mgongo, kwa hiyo tunaipiga Jumanne. Yeye anasema ni la miguu. Wiki iliyopita tumevuta vizuri Jumanne, Jumatano kwenye skwoti nikashuka, sikupanda tena. Ikabidi watu waje kunitoa chuma mabegani. Swahiba anazunguka mtaa mzima akisimulia. Nani ana haki?
— Aliyekaa, Tabata

Marahaba. Mwenye haki hayupo, ila mwenye kosa nimempata: ni aliyechora ratiba.

Shika mtaimbo pale chini halafu usikilize mwili. Kinachofunguka zaidi ni nyonga. Makalio na misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayokusimamisha, na mapaja ya mbele yanasaidia chuma kiachane na sakafu. Misuli minene iliyolala kandokando ya uti wa mgongo haivuti kitu. Inakaza tu ili uti usipinde, na kukaza huko mbele ya kilo 120 si kazi ndogo. Mabawa yanazuia chuma kisiukimbie mwili. Vigasha vinashika. Haya, niambieni hiyo ni siku ya nani. Mkiiita siku ya mgongo, miguu itadai chake. Mkiiita siku ya miguu, mgongo utakuja na mashahidi.

Kwa hiyo acheni kuuliza ni zoezi la kiungo gani. Ulizeni nini kinalitangulia na nini kinalifuata. Dedilifti ni mama mkwe: hajali sana umempa chumba gani, bali jana yake ulipata kulala, na kesho yake hukualika harusi nyingine nyumbani humohumo. Ninyi mmempokea Jumanne, Jumatano mkafunga turubai.

Msuli uliofanyishwa kazi nzito huendelea kujijenga kwa siku moja hadi mbili, na mgongo wa chini, kwa wavutaji wengi, ndio wa mwisho kurudi kazini. Skwoti nayo inautaka mgongo huohuo usimame wima wakati chuma kinakukandamiza kutoka juu. Yaelekea miguu yako haikuwa na kosa Jumatano ile. Aliyekuangusha ni mgongo uliokuwa bado haujarudi kutoka kazi ya jana.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kutenganisha. Jim Wendler, Mmarekani aliyechapisha mpango wake wa 5/3/1 mwaka 2009, anazigawa siku nne hivi: kusukuma juu ya kichwa Jumatatu, dedilifti Jumanne, benchi Alhamisi, skwoti Ijumaa. Hesabuni kwa vidole. Kutoka dedilifti hadi skwoti ni siku tatu, kutoka skwoti kurudi kwenye dedilifti ni siku nne, na katikati yake kifua na mabega wanajishughulisha na mambo yao. Ndugu yangu, huo ndio ujanja wote, na wapo watu wanaoulipia kila mwezi.

Kwenu Tabata ningeisogeza dedilifti hadi Jumatatu. Sababu ya mwili ni kwamba Jumapili mmepumzika. Sababu ya jimu ni kwamba Jumatatu Dar es Salaam nzima inapiga kifua. Foleni ya benchi inafika mlangoni, na kule kwenye kona ya kuvutia hakuna hata mtu wa kusalimiana naye. Sahani zote za kilo 20 ni zenu. Kisha kifua Jumanne, Jumatano mkae nyumbani, miguu Alhamisi, mabega na mikono wachangie Ijumaa. Mikono haitakufa kwa kuchangia siku.

Dawa ya pili ni kuzifunga zote mbili siku moja: skwoti kwanza, dedilifti baadaye na kwa kiasi kidogo, halafu wiki nzima mgongo unakuwa huru. Hiyo ni njia ngumu lakini ina heshima yake, kwa sababu kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma mpangilio ndio huo: skwoti, benchi, na dedilifti mwisho kabisa, wakati miguu tayari imeshatoa yake. Anayetaka kushindana ni lazima azoee kuvuta akiwa amechoka. Ninyi, kwa kadiri nilivyoelewa, mnataka shati likae vizuri. Chagueni ya kwanza.

Na vyovyote mtakavyochagua, dedilifti itangulie siku yake. Nimeona vijana wanajivuta kwenye bomba mpaka vidole vinakataa, wanavuta chuma wakiwa wameinama mpaka kiuno kinawaka, ndipo wanaiendea dedilifti wakisema wanamalizia. Wanamalizia nini, sijui.

Kuhusu swahiba anayesimulia: muulize mbele za watu yeye alikuwa amesimama wapi wakati unashuka. Kazi ya aliye nyuma yako kwenye skwoti inajulikana.

*

Shikamoo Mjomba. Mimi ni muuguzi Mombasa. Zamu zangu ni mchana siku mbili, usiku siku mbili, kisha mapumziko siku mbili, na duru inaanza tena. Kila ratiba ninayopewa inaanza na "Jumatatu." Jumatatu yangu mara ni wodini, mara ni usingizini na pazia limefungwa. Nipige dedilifti lini?
— Mwenye Zamu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Kalenda ya ukutani si yako, iache. Zihesabu siku za mazoezi badala ya siku za wiki: leo ni A, nikirudi tena ni B, nikirudi tena ni A, hata kama kati yake zimepita siku mbili au nne. Mark Rippetoe wa Texas aliwapangia wanaoanza mtindo wa namna hiyo katika kitabu chake Starting Strength, na humo skwoti inapigwa seti tatu za mara tano, dedilifti seti moja tu ya mara tano. Moja. Watu wakiona hilo wanadhani chapa imekosewa. Haikukosewa, chuma kinachovutwa kutoka sakafuni huwa kizito kuliko kile unachokaa nacho, na kinachosha mpaka nyuma ya shingo. Kidogo kinatosha kukupandisha.

Kwa duru yako ya siku sita, weka dedilifti siku ya pili ya mapumziko. Siku ya kwanza bado unadaiwa usingizi, na umetoka kugeuza wagonjwa kitandani usiku kucha, kazi ambayo mgongo hauwezi kuitofautisha na mazoezi. Zoezi jingine, la benchi na kujivuta na skwoti nyepesi, lipeleke baada ya zamu ya pili ya mchana, ukiwa na nguvu. Kati ya zamu za usiku usiguse chuma kizito. Kama mwili unadai kitu, tembea hadi baharini ukapunge upepo.

Kuna jambo moja ambalo watu wa zamu wanalisahau. Mtu akilala, zile gegedu zilizo baina ya pingili za uti hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi kila mmoja wetu ni mrefu kidogo kuliko alivyokuwa jioni. Zikiwa zimevimba hivyo, kuinama na mzigo huzibana zaidi. Kwa hiyo usiamke ukaenda moja kwa moja kwenye mtaimbo. Kunywa chai, fua, gombana na jirani, saa moja au zaidi ipite. Na asubuhi yako wewe ni pale unapoamka, hata kama muadhini anaadhini alasiri.

*

Mjomba wangu Vyuma, mume wangu Jumamosi asubuhi hawezi kuinama. Nikimwambia akachukue gesi ananijibu, "Jana ilikuwa dedilifti." Maji yakikatika, ndoo nabeba mimi, kwa sababu "jana ilikuwa dedilifti." Mtoto akilia anataka kubebwa, anamwangalia tu. Lakini jimu anasema anavuta kilo 140. Hizo kilo zinakwenda wapi?
— Mama Wawili, Dodoma

Mwanangu, mtungi wa gesi wa kilo 15, ukiongeza na chuma chake, hata ukiupandisha ngazi na kushuka haufikii robo ya kilo anazojisifia. Kama baada ya kuvuta Ijumaa hawezi kubeba huo Jumamosi, basi ama anavuta vibaya, ama anavuta kupita kiasi, ama anapenda kulala. Yote matatu yanatibika. Mwambie Mjomba ameamuru dedilifti ihamie Jumanne. Jumatano yuko kazini, hata akitembea kama mzee hakuna atakayemwomba gesi. Jumamosi awe mzima.

Akikataa, gesi iishe Jumamosi. Mchana. Kabla ya pilau.

*

Asalaam aleikum Mjomba. Nimezaliwa Unguja, nafanya kazi Muscat. Kila Ramadhani ikiingia naiacha dedilifti mwezi mzima kwa kuogopa, nikirudi Shawwal nahisi naanza upya. Mwaka huu nataka niiweke mahali. Iwe kabla ya futari au baada? Na siku gani?
— Mzawa wa Ng'ambo

Waaleikum salaam. Baada ya futari, tena si mara tu baada yake. Ukivuta chuma kizito unajaza tumbo pumzi na kulikaza, tumbo ndilo ukuta wa mbele wa mgongo wako. Sasa jaribu kulikaza likiwa na tambi, sambusa, mihogo ya nazi na kaimati. Nakusihi usijaribu. Fungua kwa tende na maji, kula kidogo, nenda Tarawehe, kisha ukirudi ndiyo uende jimu. Ukimaliza, kula chakula cha kweli, na bado kuna daku.

Kabla ya futari ningekubali mazoezi mepesi ya nusu saa. Dedilifti siikubali. Umeshinda bila maji katika joto la Muscat, mkono unateleza, kichwa chepesi, na chuma hakijui kama umefunga.

Siku iwe Alhamisi usiku. Huko mapumziko yenu ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo ukilala saa nane za usiku hakuna bosi wa kukuamsha. Skwoti iwe Jumapili au Jumatatu, nayo ifupishwe. Jambo kubwa ni hili: punguza wingi, usipunguze sana uzito. Kama ulizoea seti nne za mara tano, fanya mbili za mara tatu, na chuma kibaki karibu na kile ulichokizoea. Nguvu ikishajengwa hailindwi kwa jasho jingi; inalindwa kwa kukumbushwa mara kwa mara kwamba chuma ni kizito. Kumi la mwisho, kama unakesha msikitini, iache kabisa. Siku kumi hazikuibii kitu, na hapo una shughuli bora zaidi.

*

Mjomba habari za kazi. Mimi ni kuli soko moja la jumla Dar. Nashusha viazi na vitunguu kuanzia saa tisa usiku mpaka saa nne asubuhi, siku sita. Jioni naenda jimu ya mtaani, vyuma vyetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kocha kanipangia dedilifti Jumatano na Jumamosi. Mgongo unawaka mpaka nalala chali sakafuni, na barua hii naiandikia hapohapo. Niongeze mapumziko au nibadilishe siku?
— Mbeba Lumbesa

Wewe ndiye uliyenifanya nikae na barua muda mrefu.

Kwanza niseme lisilo la utani. Mgongo unaowaka na ukapoa ukilala ni uchovu. Ukiwa moto unashuka hadi mguuni, ukafa ganzi, ukahisi mguu hauna nguvu, au haja ndogo ikawa ya shida, hapo hakuna cha Mjomba wala kocha. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

Kama ni uchovu, basi kocha wako amekosea hesabu ya kuanzia. Kaandika dedilifti mbili kwa wiki kana kwamba nyingine hupigi. Wewe unapiga tangu saa tisa usiku, siku sita, na chuma chako kina viazi ndani. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linasema mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuushusha hadi hapo. Lumbesa, kama tunavyoijua, imefungwa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia ili muuzaji wa viazi apate chake, mnunuzi apate chake, na mgongo wa kuli ulipe tofauti. Serikali imekuwa ikiipiga vita miaka na miaka. Ingali inashuka kutoka kwenye malori.

Kwa hiyo jibu la siku yako ni hili: dedilifti iwe moja, tena siku usiyoshusha mzigo. Kama mnapumzika Jumapili, ipige Jumapili alasiri, ukishalala vya kutosha na kula. Usiipige Jumamosi jioni. Najua inavutia, kwa sababu kesho yake ni mapumziko, lakini unaifikia ukiwa na magunia ya siku sita mgongoni, na mwili uliochoka ndio unaojifunza kuvuta kwa kupinda. Fanya seti tatu za mara tatu, uzito wa kati, kila moja safi. Lengo lako si kilo mpya. Ni kuufundisha mwili namna ya kushuka kwa nyonga na kukaza tumbo, ili Jumatatu saa tisa usiku ulifuate gunia kwa namna hiyohiyo. Kuvuta kwa namna hii kutakulinda zaidi ya mkanda.

Siku nyingine za jimu zipe vitu ambavyo soko halikupi. Soko halikupi kusukuma, basi piga pushapu na benchi. Halikupi kuning'inia, basi jivute kwenye bomba, mgongo upate kunyooka. Ukitaka kuvuta kwa ajili ya mabawa, weka mkono mmoja juu ya benchi na uvute kwa mwingine, kiuno kikae kando ya hadithi. Skwoti iwe ya mguu mmoja mmoja, chuma chepesi.

Halafu hayo makopo. Sahani kamili ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya mtaimbo hukaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni. Kopo la rangi ni dogo, mtaimbo unalala chini zaidi, na kila sentimita unayoongeza kushuka inaongeza kuinama. Tafuta matairi mawili chakavu au matofali, uinue makopo mpaka mtaimbo ufike katikati ya ugoko. Kocha akisema hiyo ni kudanganya, mwambie aje saa tisa usiku, lori likifika kutoka Njombe.

*

Mjomba niaje? Mimi nataka kupiga dedilifti kila siku, saba kwa saba, mpaka nivute tani nusu. Haters wanasema nitaumia. Waambie.
— Simba wa Umoja, Nairobi

Poa kijana. Eddie Hall, Mwingereza, alivuta kilo 500 mjini Leeds mwaka 2016, akatokwa damu puani. Miaka minne baadaye Hafþór Björnsson wa Iceland akaongeza kilo moja. Watu hao wana miili ambayo ikikaa kwenye matatu, makanga anadai nauli ya watatu. Anza kwa kujilinganisha na mlango wa nyumba yenu.

Lakini sikudharau swali, kwa kuwa wapo waliofanya chuma kila siku. Wabulgaria wa Ivan Abadjiev walinyanyua karibu kila siku, tena zaidi ya mara moja kwa siku, wakachukua medali za Olimpiki. Angalia walichokirudia: kunyakua, kusukuma juu, skwoti. Dedilifti nzito haikuwa mkate wao wa kila siku, na hao hawakuwa watu wa kuogopa kazi. Chuma kikivutwa polepole kutoka sakafuni, seti baada ya seti, kinauchosha mwili kuliko kinavyoulipa.

Ukitaka mara nyingi, fanya mara mbili. Siku moja nzito. Baada ya siku tatu, vuta nyingine ya asilimia 60 hivi, kwa kasi, mara mbilimbili, uondoke jimu ukijisikia umeonewa. Nyingine tano, waache hao haters wako wapumzike.

*

Majibu ya mkato:

Bi Harusi Mtarajiwa, Tanga: Harusi ikiwa Jumamosi, dedilifti ya mwisho iwe Jumatatu. Utasimama sana, utainama kusalimia wazee wasiopungua ukumbi mzima.

Mwenye Jimu Ghorofani, Arusha: Si suala la siku, ni suala la saa. Aliye chini yako ana mtoto mchanga. Weka mpira mzito juu ya vigae na uwaambie wateja chuma kishushwe, kisitupwe.

Mpiga Mpira, Kigoma: Mechi Jumapili? Vuta Jumatatu au Jumanne, seti mbili. Baada ya Jumatano usiisogelee hadi filimbi ya mwisho. Kocha wa timu akikukimbiza mlimani Jumanne, chagua kimoja.

Mwenye Mashaka, Bujumbura: Dedilifti ya Kiromania, ile inayoanzia juu na kushuka hadi chini ya goti, inahesabiwa. Ilipata jina kwa Nicu Vlad, bingwa wa Olimpiki wa 1984. Usiiweke siku moja kabla ya ile ya sakafuni kwa kuwa eti ni ndogo yake. Misuli ya nyuma ya paja haijui udogo huo.

Kijana wa Morogoro: Ndiyo, uzito wa mtaimbo unahesabiwa. Wa wanaume wa mashindano ni kilo 20, wa wanyanyuaji wanawake wa Olimpiki ni 15. Huo wenu wa bomba la maji upelekeni kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu, lakini mwambieni mapema kwamba hauuzwi.